Ulizeni Fundi: Kisomaji cha kadi kimefika, draiva iko wapi?

Safu hii huandikwa Busia, upande wa Uganda, na barua zake hutoka popote Kiswahili kinapofika: sokoni, kambini, shuleni, ofisini. Mwezi huu maswali ya printa nimeyaweka kando (mwalimu wa Tororo, vumilia, zamu yako inakuja) kwa sababu kadi za chipu zimejaa mezani. SACCO zinatoa kadi, shule zinatoa kadi, zahanati zinatoa kadi. Anayetoa kadi hana budi kununua kisomaji, na akishakichomeka kwenye kompyuta, wengi hukwama palepale: draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa.

*

*Fundi, mimi ni mhasibu wa SACCO hapa Mbale. Tumenunua visomaji vya kadi vya USB mjini Kampala ili wanachama waje na kadi zao badala ya vitabu. Kila kisomaji kimekuja na CD ndogo, ila laptopu zetu hazina pa kutia CD. Kijana wetu wa ofisi akatafuta draiva mtandaoni, akapata programu inayosema kompyuta ina draiva nyingi zilizopitwa na wakati, tulipe kwa dola ndipo izisasishe. Tulipe au turudishe mali kwa muuzaji?*
*Mama N., Mbale*

Msilipe, mama. Na hiyo programu iondolewe leo, kabla laptopu haijafunguliwa tena kwa hesabu za wanachama. Programu za aina hiyo kazi yake ni kutisha. Hata laptopu iliyotolewa dukani asubuhi zitaikuta na draiva zilizopitwa, maana ndiyo biashara yake. Mashine inayotunza akiba za watu si ya kuwekewa kitu ambacho wenyewe hamjui kimetoka kwa nani.

Visomaji msivirudishe bado. Inawezekana kabisa hamhitaji draiva yoyote kutoka nje. Visomaji vingi vya USB vinavyouzwa sasa hufuata kanuni iitwayo CCID, na toleo lake la 1.1 ni la mwaka 2005. Kifaa kinachofuata kanuni hiyo hujitambulisha kwa kompyuta kwa namna moja, kiwe cha kampuni gani. Ndiyo maana Windows, tangu Windows 7, inakuja na draiva yake ya CCID ndani. Ukichomeka, inajiweka yenyewe. Ile CD ilitiwa kwenye boksi kwa ajili ya kompyuta za zamani na kazi zisizo za kawaida. Waacheni watoto waichezee.

Basi kabla ya kutafuta chochote, iulizeni mashine yenyewe imeona nini. Chomekeni kisomaji moja kwa moja kwenye laptopu, msipitie kwenye kigawanyi cha USB cha bei rahisi. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na X, mchague Device Manager. Tafuteni mstari ulioandikwa Smart card readers. Mkiufungua mkakuta jina kama Microsoft Usbccid Smartcard Reader, draiva ipo na inafanya kazi, na muda wote huo kijana alikuwa anatafuta kitu mlichokuwa nacho. Mkikuta kifaa chenye alama ya njano, au kimekaa chini ya Other devices bila jina la maana, hapo ndipo tuna shughuli.

Shughuli yenyewe inaanza na nambari. Bonyezeni kitufe cha kulia cha mausi juu ya kifaa hicho, ingieni Properties, kisha Details, na kwenye kile kisanduku cha kuchagua mtafute Hardware Ids. Mtaona maandishi kama USB\VID_072F&PID_90CC. Herufi nne baada ya VID zinamtaja aliyetengeneza. Nne baada ya PID zinataja kifaa chenyewe. 072F ni Advanced Card Systems wa Hong Kong, wanaojulikana zaidi kwa jina la ACS, na vifaa vyao huanza na ACR. Mkiona 058F, hiyo ni Alcor Micro: chipu yao imo ndani ya visomaji vingi visivyo na jina, vile vinavyouzwa ndani ya kaveera bila boksi, na hata ndani ya baadhi ya laptopu zenye tundu la kadi ubavuni. Jina lililochapwa kwenye gamba la plastiki linaweza kuwa lolote. Nambari ndiyo inayowaambia mna kitu gani mkononi.

Nambari ikishajulikana, nendeni kwenye tovuti ya mtengenezaji huyo, sehemu ya Support au Downloads, mchukue kifurushi cha kifaa hicho na cha Windows yenu. Angalieni kama Windows ni ya biti 32 au 64. Mafaili ya draiva si makubwa, bando la kawaida la siku linatosha. Kabla ya kukifungua, bonyezeni kitufe cha kulia juu ya faili, Properties, kisha Digital Signatures. Jina la mtengenezaji likiwepo hapo, endeleeni. Kama ukurasa huo haupo, au jina ni la mtu msiyemjua, futeni faili na mrudi mlikotoka.

Baada ya kuweka, hakikisheni. Fungueni Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andikeni `certutil -scinfo`, mpige Enter. Itawaorodheshea visomaji inavyoviona kwa majina na kusema kama kuna kadi ndani. Mara nyingine itaomba PIN ya kadi. Bonyezeni Cancel, msibahatishe. Kadi nyingi hujifunga ukikosea PIN mara chache mfululizo, na mwanachama atakayekuja kesho kuchukua mkopo wake hatapendezwa na majaribio yenu.

Kama Device Manager iko safi lakini programu ya SACCO inasema haioni kisomaji, angalieni huduma iitwayo Smart Card kwenye services.msc. Kuanzia Windows 8 huduma hiyo hulala mpaka kisomaji kichomekwe. Kwa hiyo mkiikuta imesimama wakati hakuna kitu kwenye USB, ni kawaida. Ikiwa imesimama wakati kisomaji kimechomekwa, au imeandikwa Disabled, kuna mtu ameizima: irudisheni Manual, mchomoe kisomaji, mchomeke tena.

Neno moja la mwisho kwa kijana wa ofisi, maana najua ameshaweka vifurushi viwili vitatu kwa kujaribu. Kuondoa kifaa kwenye Device Manager hakuondoi draiva. Windows huiweka akiba kwenye ghala lake, C:\Windows\System32\DriverStore, na ukichomeka kisomaji tena inachota kutoka humohumo, ileile mbovu. Dawa: Command Prompt kwa haki za msimamizi, `pnputil /enum-drivers`. Itamletea kila kifurushi kilichotoka nje ya Windows, kila kimoja na jina la oem, namba na .inf, na chini yake jina la aliyekitoa, aina yake na toleo lake. Asome aina: anataka zile za visomaji vya kadi, si za skrini wala sauti. Akishaona, tuseme, oem23.inf ndiyo ya kisomaji na haitakiwi: `pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall`. Namba hiyo hutofautiana kwa kila mashine. Asinakili yangu.

Na ile iliyofanya kazi isiachwe ipotee. `pnputil /export-driver oem23.inf D:\draiva-kisomaji` (folda itengenezwe kwanza) inaitoa ikiwa kamili na kuiweka kwenye flashi. Laptopu ya pili na ya tatu hazitahitaji mtandao: `pnputil /add-driver D:\draiva-kisomaji\*.inf /install`, basi.

*

*Kaka fundi, kisomaji chetu kinaonekana vizuri, lakini kila tukitia kadi ya mgonjwa Windows inaleta Unknown Smart Card na alama ya njano, halafu inasema draiva haikupatikana. Ajabu ni kwamba programu ya zahanati inaisoma kadi bila shida. Tuogope?*
*Muuguzi, Jinja*

Usiogope, dada. Hapo kuna draiva mbili, na wengi huzichanganya. Moja ni ya kisomaji, nyingine ni ya kadi. Ni kama simu: laini inaweza kuwa safi kabisa, na bado usielewe lugha anayoongea aliye upande wa pili. Kisomaji chenu ndiyo laini, na iko safi.

Tangu Windows 7, ukitia kadi Windows hujaribu kuitambua na kuitafutia draiva ndogo ya kadi, kwa kutumia jibu ambalo kadi hutoa inapopewa umeme. Lengo ni kadi za kuingilia kwenye kompyuta na kutia sahihi nyaraka. Kadi ya zahanati yenu haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Programu yenu inazungumza nayo moja kwa moja, haimhitaji Windows kama mkalimani. Windows inatafuta, inakosa, inalalamika, na kazi inaendelea.

Kama alama ya njano inawaudhi wafanyakazi, mwenye Windows ya Pro anaweza kuzima utafutaji huo: gpedit.msc, Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Smart Card, halafu Turn on Smart Card Plug and Play service iwekwe Disabled. Lakini kwanza muulizeni aliyewauzia programu: je, kuna siku daktari atatumia kadi hizo kutia sahihi au kuingia kwenye kompyuta? Akisema ndiyo, awape draiva ya kadi kutoka kwa aliyetengeneza kadi. Msiitafute wenyewe.

*

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa kompyuta hapa Arua. Maabara yetu inatumia Ubuntu, aina ya Linux, badala ya Windows kwa sababu mashine ni za zamani. Shule imepewa visomaji viwili: kimoja ACR122U cha kugusisha kadi, kwa ajili ya mahudhurio ya wanafunzi, na kingine ACR38 cha kuchomeka kadi. Hakuna hata kimoja kinachofanya kazi, ingawa taa ya ACR122U inawaka. Mtandao wetu ni wa simu yangu, na stima haina uhakika. Nifanyeje?*
*Mwalimu O., Arua*

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeifurahia kwa sababu umetaja majina ya vifaa. Wangefanya hivyo wote, safu hii ingekuwa fupi.

Kwenye Ubuntu mambo yako katika vipande viwili. Kuna `pcscd`, programu inayokaa chinichini ikipokea maombi ya kadi, na kuna `libccid`, draiva ya vile visomaji vya CCID nilivyomweleza Mama wa Mbale. Ongeza `pcsc-tools`, ambayo ndani yake mna chombo cha kupimia.

Kwa kuwa data ni yako mwenyewe, pakua mara moja tu. Tumia mashine moja, na uandike `sudo apt-get install pcscd libccid pcsc-tools`. Nimeandika apt-get kwa makusudi. Amri ya apt tupu hufuta mafaili ya .deb, yaani vifurushi vyenyewe, ikishamaliza kuyaweka. Apt-get huyaacha kwenye /var/cache/apt/archives. Yatoe humo, weka kwenye flashi, nenda nayo kwenye mashine nyingine na uandike `sudo apt install ./*.deb` ukiwa ndani ya folda hiyo. Sharti moja: mashine zote ziwe na toleo lilelile la Ubuntu, na aina moja ya prosesa. Kama nusu ya maabara ni toleo jingine, nusu hiyo ina mashine yake ya kwanza na upakuaji wake.

Sasa uliza mashine: `lsusb`. Kila kifaa cha USB kitakuja na mstari wake, na katikati nambari mbili zilizotenganishwa kwa nukta mbili, zilezile VID na PID.

ACR122U utaiona kama 072f:2200. Taa yake kuwaka ni umeme tu, haimaanishi kwamba inasomeka. Kinachokusumbua nina hakika ni hiki: kiini cha Linux kina draiva yake kwa ajili ya chipu ya PN532 iliyomo ndani ya kifaa hicho, inaitwa pn533_usb, na ukichomeka tu inakidaka kabla pcscd haijafika. Andika `lsmod | grep pn533`. Ikileta kitu, ndiyo hiyo. Ikataze: tengeneza faili kwa `sudo nano /etc/modprobe.d/zuia-nfc.conf`, uandike ndani mistari mitatu:

`blacklist pn533_usb`
`blacklist pn533`
`blacklist nfc`

Hifadhi, uwashe mashine upya. Kisha fungua terminali, andika `pcsc_scan`, na ugusishe kadi ya mwanafunzi mmoja. Utaona jina la kisomaji, halafu Card inserted, halafu mstari wa ATR (lile jibu ambalo kadi hutoa inapopewa umeme) wenye jozi za herufi na tarakimu. Ukiiondoa, Card removed. Mpe mwanafunzi agusishe mwenyewe, watapenda. Huo mstari wa ATR unaeleza aina ya kadi tu. Kadi za boksi moja zote zitatoa uleule, kwa hiyo programu ya mahudhurio isitegemee ATR kumtambua mtu. Inahitaji kusoma namba ya kadi, UID. Nayo UID inaweza kunakiliwa kwenye kadi nyingine na mtu mwenye vifaa. Kwa mahudhurio ya darasani inatosha. Kwa pesa za kantini nisingeitegemea peke yake.

Hiyo ACR38 ina historia mbili. Ukiona 072f:90cc, ni ile ya CCID, na libccid uliyokwisha kuweka inaijua; chomeka tu. Ukiona 072f:9000, ni ile ya zamani isiyofuata CCID, na libccid haitaigusa hata ukiwasha mashine upya mpaka kesho. Kwa nje zinafanana sana, na nimeona mtu akipewa zote mbili kwa bei moja kaunta moja. Hiyo ya 9000 inataka draiva ya ACS wenyewe, na wao hutoa vifurushi vya Linux kwenye tovuti yao. Ila ukiuliza ushauri wangu wa kifedha, mwalimu, kwa shule inayotumia bando la mwalimu, ibadilisheni kwa muuzaji mpate ya CCID.

Onyo moja tu. Utakutana na maelezo yanayokwambia upakue msimbo wa pcsc-lite uukusanye mwenyewe kwa make na make install. Usifanye hivyo kwenye mashine iliyokwisha kuwekewa kifurushi cha Ubuntu. Utaishia na pcscd mbili, moja ya Ubuntu na nyingine ndani ya /usr/local, kila moja na maktaba yake, na programu zitaongea na moja huku kisomaji kimeshikwa na nyingine. Kutaka kujua kilichowekwa: `dpkg -l | grep -E 'pcsc|ccid'`. Kuondoa kabisa: `sudo apt purge` na jina la kifurushi. Kilichowekwa kwa make hakimo kwenye orodha hiyo, na ndiyo shida yake.

Stima ikikatika katikati ya kuweka, mashine ikiwaka andika `sudo dpkg --configure -a`, itaendelea palipokatikia.

*

*Fundi, mimi ni askari mstaafu, ninaishi Bombo. Nimenunua kisomaji cha kadi, nimekiweka sawasawa, kompyuta inakiona. Sasa kitambulisho changu cha taifa, Ndaga Muntu, hakisomi, na pasipoti haiingii. Nimetapeliwa?*
*Mzee wa Bombo*

Hapana, afande. Umenunua kifaa kizima cha kazi nyingine.

Ndaga Muntu ya toleo la kwanza, ile tuliyoanza kupata 2014, ina baa kodi nyuma. Baa kodi husomwa kwa mwanga, na kisomaji chako kinatafuta vibati vya dhahabu vya kugusana navyo. Hata ukiitia kadi juu chini, hakitaona kitu.

Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, ambayo Uganda ilianza kuitoa mwishoni mwa 2018, ina chipu, lakini ni ya mawimbi, haina vibati. Inataka kisomaji cha kugusisha. Hata ukiwa nacho, chipu haijifungui kwa kila anayeikaribia. Programu lazima kwanza ipewe namba ya pasipoti, tarehe yako ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha muda, yale yaliyomo kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha. Kutokana na hayo inatengeneza ufunguo. Simu yenye NFC, yaani uwezo wa kusoma kadi kwa kugusisha, inaweza kufanya kazi hiyo bila wewe kununua kitu kingine.

Kadi ya benki itaonekana kwenye kisomaji chako, kwamba ipo. Iache hapo hapo, mzee. Programu yoyote ya kwenye mtandao inayotaka uitie kadi ya benki na kuandika PIN kwenye kompyuta ya nyumbani inakutafuta wewe.

*

*Kisomaji chetu kinafanya kazi asubuhi, mchana baada ya chakula hakisomi mpaka tukichomoe. Nimeambiwa draiva imeharibika.*
*Karani, Malaba*

Draiva haiharibiki saa ya chakula. Windows imekizimia USB ili kuokoa betri. Device Manager, fungua kisomaji (au USB Root Hub ambako kimechomekwa, kama kwenye kisomaji hakuna ukurasa huo), Power Management, ondoa alama kwenye Allow the computer to turn off this device to save power. Kwenye Power Options pia kuna USB selective suspend, iwekeni Disabled. Kama ofisi inaendeshwa kwa sola na betri, tofauti ya matumizi hamtaiona.

*

*Fundi, nisaidie kuamua ugomvi. Ofisi yetu iko Kampala, Nasser Road. Aliyetuuzia programu ya kadi huingia kwenye kompyuta yetu kwa mbali kwa Remote Desktop. Kila akiingia anasema hakuna kisomaji, draiva haikuwekwa, tulipe aje mwenyewe. Mimi nimekaa mbele ya mashine hiyohiyo na kisomaji kinasoma. Tumeshamlipia taksi na muda wake, akafika, kikasoma. Akirudi kwake, akiingia tena, hakuna. Nani anadanganya?*
*Bi. K., Kampala*

Hakuna anayedanganya, bibi, lakini mmoja wenu analipwa kwa kutojua.

Remote Desktop ya Windows ina tabia hii kwa makusudi. Mtu akiingia kwa njia hiyo, visomaji anavyoviona ndani ya kikao ni vile vilivyochomekwa kwenye kompyuta *yake*, huko aliko, sio vya kompyuta anayoingia. Imepangwa hivyo ili mfanyakazi aliye mbali aweze kutumia kadi yake mwenyewe kufungua mashine ya ofisini. Basi fundi wenu akiwa kwake bila kisomaji, ataona sifuri, na ataona sifuri hata mkiweka draiva kumi. Akifika na kukaa kwenye kiti chako, anaona kama wewe unavyoona.

Mwambie afanye moja kati ya mawili. Atumie programu ya kuangalia kwa mbali inayoonyesha skrini ileile unayoiona wewe, kama AnyDesk au TeamViewer, wewe ukiwa umekaa hapo na kubonyeza ruhusa. Au, akitaka kubaki na Remote Desktop, akuombe wewe uandike `certutil -scinfo` kwenye mashine, upige picha ya skrini na kumtumia kwa WhatsApp. Ukiona ombi la PIN, Cancel, kama nilivyomwambia Mama wa Mbale.

Picha hiyo itunze pamoja na ankara zake. Akidai tena nauli ya kuja kuweka draiva, mtumie kwanza picha, umwombe akuonyeshe ni mstari upi unaosema haipo.